Ita Jina Kabla ya Kufunga Kamba

Nyinyi mnaokaa leo mbele ya kompyuta pale rekodi, mkibonyeza herufi mbili na mgonjwa mzima anatokea kwenye kioo pamoja na damu yake na namba yake ya simu, najua mnanicheka. Nimewasikia. Juzi nilipokuja kliniki ya presha, mmoja wenu alimnong'oneza mwenzake kwamba huyu ndiye yule mzee aliyekuwa anabishia mafaili hodi. Ni kweli, nilikuwa nabisha. Ketini niwaambie kwa nini, halafu mcheke mkitaka.

Mimi naitwa Mworia, mtu wa Kanyakine. Nilikuwa karani wa rekodi katika hospitali ambayo sitaitaja, iliyo karibu na mto Thuci, pale Wameru wanapoishia na Waembu wanapoanzia. Dirishani kwetu ulisalimiwa kwa Kimeru, ukaulizwa swali kwa Kiembu, na faili ikaandikwa Kiingereza cha daktari, kile ambacho kesho yake hata daktari mwenyewe hakisomi. Kiswahili ndicho kilituokoa sisi wote, kibaya hivyo hivyo tulivyokisema.

Dirisha lenyewe lilikuwa na kioo kilichopakwa rangi nyeupe, ati wagonjwa wasituone tukinywa chai. Chini yake palikuwa na tundu la kupitishia kadi. Kwa hiyo katika miaka yangu yote pale sikuwajua watu kwa nyuso, niliwajua kwa mikono. Mkono wa mchuma majani chai una vidole vyeusi kwenye ncha. Mkono wa mwalimu una chaki hata wakati wa likizo. Mgonjwa wa muda mrefu haweki kadi yake kwenye tundu, anaisukuma kidogo kidogo kama asiyetaka ifike.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Kaburu, mfupi, mkali, na koti lake halikujua kufuliwa. Alinifundisha mambo ambayo hayako kwenye kozi zenu. Penseli haififii kwenye unyevu, kalamu ya wino inafifia. Panya hawali karatasi kwa sababu ya njaa, wanafuata gundi, kwa hiyo gundi kidogo, uzi mwingi. Na mgonjwa mzee akiulizwa jina la pili akinyamaza, usimsumbue, andika jina la aliyemleta, maana ndilo atakalolikumbuka. Hilo la mwisho liwekeni akilini, litarudi.

Mafaili ya waliofariki yalikaa katika jiko la zamani la hospitali, chumba kilicho nyuma ya ofisi yetu, kilichopakana ukuta na mochari. Masizi ya miaka yalikuwa bado kwenye dari. Hata mchana wa jua kali mle ndani palikuwa na baridi yake peke yake, na ukisimama kimya ulisikia friji za upande wa pili zikinguruma, zikinyamaza, zikinguruma tena. Mzee Kaburu hakuingia bila kubisha. "Hodi," anasema, anangoja kidogo, ndipo anasukuma mlango. Mimi kijana, nimetoka chuo, nilikuwa nacheka mpaka machozi.

Na alikuwa na sheria moja ambayo hakuivunja. Faili ya marehemu ilipigwa muhuri mwekundu, ikafungwa kamba ya katani, ikapelekwa jikoni. Lakini kabla ya kufunga kamba ilikuwa lazima usimame mlangoni, penye benchi za wagonjwa, uite jina la marehemu mara tatu kwa sauti, ungoje. Ukijibiwa, usifunge. Nikamuuliza, Mzee, nani atajibu na mtu amekufa?

"Kujibu si kazi yako," akaniambia. "Kazi yako ni kuita."

Alipostaafu niliita kwa mwezi mmoja hivi, nikaacha. Watu walikuwa wananitazama. Mnajua vile mtu wa kwenye benchi anavyotazama akisikia jirani yake aliyezikwa juzi akiitwa? Nikajiambia huo ni ushamba, tuko hospitali ya serikali.

Sasa niwaambie habari ya kitabu cha kijani. Zamani saratani haikuwa na kitabu. Kifua kikuu kilikuwa na kitabu chake, malaria ilikuwa na chake, hata kichaa cha mbwa. Saratani iliitwa "ule ugonjwa", na kichwa kikiinamishwa umeelewa. Mtu akikatwa kipande cha nyama kikapimwe, kipande kilisafiri Nairobi, na majibu yalirudi watu wameshamaliza matanga. Akiwa bado hai, aliambiwa aende Nairobi akapange foleni, na wengi walirudi nyumbani kungoja tu. Kule wizarani hakuna aliyejua ni wangapi, kwa sababu hatukuwa tumewahesabu.

Halafu sheria ya saratani ikapitishwa, ikafuatwa na sera ya taifa, na siku moja akaja ofisa kutoka wizarani, kijana mpole mwenye miwani, akatukusanya makarani. Alisema serikali haiwezi kuleta dawa mahali ambapo haina habari kwamba kuna wagonjwa. Kila mgonjwa aandikwe: jina, umri, kata, saratani ya wapi, imefika wapi, amepelekwa wapi. Hesabu yetu, akasema, ndiyo itakayoleta matibabu mpaka Embu, watu waache kufia njiani. Akasisitiza jambo moja mara nyingi: tusimhesabu mtu mmoja mara mbili. Tukanywa chai na mandazi, nikakabidhiwa kitabu kikubwa cha jalada la kijani.

Nilikipenda kitabu kile. Msidhani natania. Mara ya kwanza katika maisha yangu niliona kwamba sera si maneno ya redioni. Inaandikwa Nairobi, sawa, lakini inaanza kazi siku karani aliyeko mtoni Thuci anapochonga penseli yake. Nilijiona mtu mkubwa. Na kiburi, vijana wangu, hakikosi kukuletea mgeni.

Asubuhi moja yakaja majibu ya kipimo. Rwamba Nyaga, mwanamke, titi la kushoto, saratani. Nikaenda kwenye makabati nikakuta faili mbili zenye jina hilo. Moja nene, iliyofunguliwa miaka kama kumi nyuma, ina muhuri mwekundu. Kwa uvivu wa mtu fulani haikuwa imepelekwa jikoni. Nyingine nyembamba, mpya, ina karatasi mbili tu. Jina moja. Kijiji kimoja. Jamaa wa karibu ni yule yule, Nyaga. Titi lile lile la kushoto. Yule wa faili nene nilimkumbuka, kwa mikono bila shaka: mkono wa kikongwe wenye bangili nzito ya shaba, ikigonga ukingo wa tundu kila anapoleta kadi. Nilikumbuka pia siku mwanawe alipokuja kuchukua mwili.

Nikafikiri nimeona kila kitu. Kwamba mwanafunzi fulani alimwandikia mama yule kadi ya pili bila kutazama ya kwanza, na majibu yamechelewa kama kawaida ya majibu. Na nani aliniambia nisihesabu mtu mara mbili? Nikatia faili nyembamba ndani ya nene, nikatia majibu juu yake, nikapiga muhuri mwekundu tena kwa uhakika, kwenye kitabu cha kijani nikaandika amefariki, nikafunga kamba. Jina sikuita. Nikaipeleka jikoni bila hodi, na nakumbuka nilirudi nikipiga mluzi.

Mwezi uliofuata sauti ya mwanamke dirishani iliniuliza majibu yake. Rwamba Nyaga. Nikatafuta kwenye makabati ya walio hai, sikuona kitu. Nilikuwa nafunga mafaili mengi wakati ule, jina halikunigutusha. Nikamwambia majibu bado, arudi. Akarudi mwezi mwingine, nikamwambia vile vile. Akaniambia, kwa upole, kwamba anatembea kutoka bondeni na ubavu unaanza kumuuma. Nikamwambia Nairobi ni mbali.

Safari nyingine, sikumbuki ya ngapi, alikuja saa ya jua kali, benchi ziko tupu, watu wameenda kula. Akataja jina lake. Wakati huu likanigusa mahali. Nikatulia na penseli mkononi, nikijiuliza nimeliona wapi jina hili kwa rangi nyekundu. Ndipo kadi ikaingia kwenye tundu, na nyuma ya kadi mkono, na kwenye mkono bangili nzito ya shaba. Ikagonga ukingo: ko.

Mkono haukuwa wa kikongwe. Ulikuwa mororo, mzima. Hilo ndilo lililonimaliza. Nilimzika mama yule kwa muhuri wangu akiwa na mikono iliyokunjamana, sasa anarudi kunidai majibu yake akiwa amerudishiwa ngozi.

Nikashusha kibao cha tundu. Nikasema tumefunga, chakula cha mchana. Nilisikia amesimama pale, anapumua, na kule nyuma friji za mochari zikanyamaza. Nilipopata nguvu ya kufungua, hakuwapo. Niliogopa, na semeni mtakavyo. Mwanamke mgonjwa alikuja kwangu kwa miguu nikamfungia dirisha usoni, na kila nikikumbuka naona aibu mpya, si ile ya jana.

Nikaenda jikoni. Siku hiyo nilibisha hodi, tena mara mbili. Faili ya Rwamba ilikuwa chini sakafuni, kamba imekatika, karatasi zimefunguka kwenye ile nyembamba. Panya, nikasema. Lakini kamba ya katani haina gundi, na mafaili ya kushoto na kulia kwake yalikuwa yamefungwa vizuri kama nilivyoyaacha. Sijui. Nimekaa na jambo hilo miaka yote na bado sijui. Nikachutama nikasoma. Umri kwenye faili nene: yapata sabini. Umri kwenye faili nyembamba: thelathini na mmoja. Nilikuwa na karatasi hiyo mikononi siku ile na sikusoma mstari wa umri, kwa sababu nilikuwa tayari najua.

Kesho yake niliomba ruhusa nikateremka mpaka bondeni, boma la Nyaga. Nilimkuta mwenyewe amekaa kwenye kigogo, shavu limejaa muguka, yale majani ya kutafuna. Tukasalimiana, nikamwambia namtafuta Rwamba. Akaniuliza Rwamba yupi. Kabla sijajibu akageuka akaita jina hilo kwa sauti kuelekea nyumba zake.

Wakatoka watatu. Kutoka jikoni alitoka mwanamke anayejifuta mikono kwa leso, bangili ya shaba imeng'aa. Kutoka nyumba ya pili, msichana wa sekondari ameshika kitabu. Kutoka nyuma ya migomba, kitoto cha miaka minne hivi, kinakula embe. Wakasimama uwanjani wakinitazama, na uso ulikuwa mmoja. Mmoja kabisa, kana kwamba mtu fulani alikuwa anarudi kwa zamu. Nyuma yao, kati ya mibuni, kaburi lenye msalaba wa saruji lilikuwa limeandikwa jina lile lile.

Nyaga akacheka kuniona nimekauka. Akanieleza kwamba wao ni ndugu watatu, na kila mmoja alipopata msichana wa kwanza alimrudisha mama kwa kumpa mtoto jina lake. Huyu mkubwa ni wake, wa kitabu ni wa Ireri, mdogo ni wa Namu. Bangili ya mama alipewa mkubwa. "Mimi humwita mama mpaka leo," akasema. "Hata kumchapa sikuthubutu."

Mnaona? Nilikuwa nimeishi na Waembu miaka ishirini na sikuwa nimeuliza. Kwetu Imenti mtoto akipewa nyanya yake hapewi jina lenyewe, anapewa tabia. Mama yangu alipenda jembe, basi binti yangu akaitwa Karimi, yaani mlimaji. Jina la mama yangu lilizikwa naye. Kwangu mimi majina mawili yaliyofanana yalikuwa mtu mmoja. Na kikongwe yule kuitwa Rwamba Nyaga, ni kwa sababu siku ya kwanza aliletwa na mwanawe Nyaga, akaulizwa jina la pili akanyamaza, na karani mmoja hodari akaandika jina la aliyemleta. Huyo karani alikuwa mimi.

Nikamwomba Rwamba mkubwa tukae kando. Nikamwambia yote, sikuficha. Kwamba majibu yake yalikuja zamani, kwamba ni saratani, na kwamba niliyatia kwenye faili ya nyanya yake. Alisikiliza akizungusha bangili.

"Kwa hiyo kwenye kitabu chako mimi niko wapi?" akauliza.

"Niliandika umekufa."

Kuku walipita kati yetu. Akatazama kaburi lile, akatazama mikono yangu, si uso.

"Basi nitoe huko," akasema.

Juma lile lile nilimpeleka Embu mwenyewe, faili kwapani. Hapo ndipo nililia, na wauguzi wakadhani mimi ni mumewe. Nililia kwa sababu chumba kilikuwapo. Viti vichache, chupa za dawa zinaning'inia, daktari wa kike aliyesomea ugonjwa ule, mambo ambayo miaka michache nyuma yalikuwa Nairobi tu. Vile vitabu vya kijani vya makarani wa milimani na mabondeni vilikuwa vimehesabiwa, na hesabu ikaleta viti. Sera ilikuwa imefika. Ilimkuta Rwamba hayuko kwenye orodha ya walio hai, na aliyemtoa ni mimi. Daktari alisoma tarehe ya majibu, akanitazama, akasema, "Miezi minane." Sikuwahi kumuuliza kama ile miezi ndiyo iliyofanya tofauti, na sitamuuliza mtu mwingine.

Tangu siku hiyo nilichora kwa rula safu moja zaidi kwenye kitabu, pembeni kabisa: umepewa jina la nani, na huyo aliuawa na nini. Niliuliza kila mwanamke aliyekuja dirishani. Ofisa wa miwani alipokuja kukagua alitabasamu, akasema Mzee, hiyo si takwimu, hiyo ni hadithi. Nikamwambia asome. Akasoma ukurasa, wa pili, tabasamu likaisha, kwa maana nyanya na wajukuu walikuwa wanafuatana mle ndani wakiwa na titi lile lile. Fomu mpya zilipokuja baadaye zilikuwa na sehemu ya historia ya familia. Sisemi zilitoka kwangu. Mke wangu ndiye husema, nami simkatizi. Na kile kibao cha tundu nilikichoma, nikakwangua rangi yote ya kioo kwa kisu cha mezani. Tangu hapo tulikunywa chai tukionekana.

Rwamba alikatwa titi, akawekewa dawa, akapata nafuu, akalima, akasomesha. Alikuwa akija kliniki anapitia kwangu na mkungu wa ndizi, ananiuliza, "Leo niko upande gani?" nami namwonyesha jina lake kwenye kabati la walio hai. Mwaka wa tano ugonjwa ulirudi, ukaingia kwenye ini. Alifia nyumbani, muuguzi wa tiba shufaa akimtembelea na chupa ya dawa ya maumivu, ambayo nayo zamani haikufika kwetu. Nyaga alikuja kuniambia. Hakusema binti yangu amekufa. Alisema, "Mama amekufa mara ya pili."

Faili yake ilikaa mezani kwangu siku tatu. Siku ya nne nilipiga muhuri, nikachukua kamba. Nilikuwa nimebakiza miezi michache ya kustaafu. Nikasimama mlangoni, benchi zimejaa, watu wakageuka kunitazama. Nikaita, Rwamba Nyaga. Nikaita tena. Friji za mochari zikanyamaza, nasema kweli. Nikaita mara ya tatu.

"Niko," ikajibu sauti.

Ilikuwa sauti ile ile ya dirishani. Watu wa benchi wakasogea, na kutoka nyuma yao akasimama msichana, na kwenye mkono wake bangili nzito ya shaba. Faili nusura initoke. Akaja mpaka mbele yangu, uso ule ule, akaniamkia kwa heshima.

"Mimi ni Rwamba wa Ireri," akasema. "Si Nyaga. Lakini umeita jina langu, na dada aliniambia kwako nisikae kimya."

Alisema hana uvimbe, haumwi popote, hana lolote. Dada yake alimwagiza kabla ya kufa: nenda ukiwa mzima, umtafute mzee wa mafaili, umwambie umepewa jina la nani.

Niliiacha kamba mezani. Nikamketisha kwenye kiti changu mwenyewe, nikachonga penseli, nikafungua faili mpya. Nikaandika jina. Nikaandika umri, nikausoma mara mbili. Kwenye safu ya pembeni nikaandika nyanya, titi la kushoto. Dada, titi la kushoto. Nilipofika pale pa kuandika ugonjwa, nikapaacha wazi, nikampeleka mwenyewe kwa daktari.